Maksai wa Mbele

Jumatano, saa moja na robo asubuhi, kopo la sukari liliondoka upande wa Belarmino, likateleza mezani bila kuguswa na mtu, likasimama mbele ya mkewe, Rosalba. Rosalba alichota kijiko kimoja akalirudisha. Binti yao Otilia, aliyekuwa amefika jana yake jioni kwa feri ya mwisho, alilitazama likianza safari ya pili.

"Limeanza lini hilo?"

"Lipi?" alisema Belarmino, akalidaka kopo kwa kiganja kabla halijafika katikati.

"Meza, baba. Sakafu. Nyumba nzima imeinama."

"Nyumba ya mbao hupumua, mwanangu."

"Inapumua kuelekea baharini?"

Belarmino alichukua mkate wa viazi, akauweka mbele ya kopo kama kabari, akaendelea kunywa chai.

Otilia alitoka nje kuangalia. Mwaka uliopita, kati ya ukuta wa jikoni na ukingo wa genge palikuwa na mti wa plamu, kamba ya kuanikia nguo na njia ya kupitisha toroli. Sasa mti haukuwepo, kamba ilikuwa imebaki na mlingoti mmoja, na mtu mwenye ndoo angeweza kupita pale ikiwa tu hakuwa amelewa. Otilia alikuwa muuguzi katika kliniki moja ya mjini Castro. Alikuwa amezoea watu wanaokuja na mguu mweusi hadi gotini wakisema unawasha kidogo. Hakuwa amezoea watu hao kuwa wazazi wake.

Dawa ilijulikana tangu Novemba: nyumba ivutwe, kama nyumba nyingine za kijiji cha Llauquil zilivyovutwa zilipochoka na mahali zilipokuwa. Kiwanja kipya kilikuwa tayari nyuma ya kanisa, upande wa pili wa ghuba, na nguzo za msingi zilikuwa zimeshasimikwa. Nyuma ya nyumba palikuwa na kinamasi, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu: kushuka mteremko hadi ufukweni, kuburuzwa juu ya mchanga maji yakiwa yamekupwa, kisha kupanda ule mwinuko wa kupakulia samaki. Jumamosi ilikuwa bamvua. Adhuhuri maji yangekwenda mbali kuliko siku zote, na mchanga ungekuwa mpana na mgumu. Jioni maji hayohayo yangerudi juu kuliko siku zote, na utabiri wa hewa ulisema yangerudi na upepo wa kaskazini. Otilia hakuhitaji mtu amweleze upepo huo ungefanya nini kwenye genge lililobaki na upana wa mtu na ndoo. Nyumba ingehama Jumamosi, au ingehama yenyewe.

Trekta halikujadiliwa. Mtu mmoja aliwahi kuleta trekta kuvuta ghala lake kwa njia hiyohiyo, na bomba la moshi la trekta hilo bado lilionekana mchangani kila maji yalipokupwa.

Yalihitajika maksai, basi, na watu: minga, kazi ya majirani ya kusaidiana bila malipo. Wiki mbili kabla, Otilia alikuwa ameandika ujumbe kwenye kundi la simu la kijiji: minga ya kuvuta nyumba, siku, saa, njia, idadi ya jozi za maksai, na kwamba chakula kingekuwepo cha kutosha. Ulikuwa ujumbe mzuri, hauna neno la ziada. Karibu kila nyumba ilijibu kwa dole gumba. Kwa hiyo alipokwenda kwa jirani yao Doña Uberlinda asubuhi hiyo, kuhakikisha tu, hakutegemea kuambiwa kwamba Jumamosi maksai wake wangekuwa wanabeba kuni.

"Lakini ulinijibu, Doña Uberlinda."

"Nilikujibu. Ningeachaje? Wewe nimekuosha kwa mikono hii ulipotumbukia kwenye tope la nguruwe."

"Ulijibu dole gumba."

"Dole gumba maana yake nimesoma."

"Sasa kuni zinatoka wapi?"

"Kuni zinatoka msituni. Kwani nani amekuja kuniomba?"

"Mimi! Kwa ujumbe!"

"Ujumbe umenijulisha, binti. Haujaniomba." Uberlinda alielekeza kijiko kwenye benchi la karibu na jiko. "Haukukaa pale. Haukunywa chicha yangu ya tufaha. Haukunitazama usoni ukaona kama nimependa au sikupenda. Watu wamezeeka hapa bila kuvutiwa hata banda la kuku kwa sababu walituma salamu badala ya kuja."

Otilia alivuta pumzi kama alivyokuwa akiwafundisha wagonjwa kuvuta. "Sawa. Baba atapita kila nyumba, aombe."

Uberlinda aliinua kifuniko cha sufuria, akachungulia ndani, akakifunika tena.

"Apite," alisema. "Tutaona."

Belarmino alipita. Alikwenda Jumatano mchana na Alhamisi kutwa nzima, amevaa kofia ya kanisani, na kila nyumba alikaa, akala alichopewa, akanywa alichopewa, maana haombwi mtu kwa kusimama mlangoni. Alhamisi jioni alirudi ameshika ukuta wa nyumba, si kwa sababu ya mwinamo.

"Wote wamekubali," alitangaza.

"Wamesemaje hasa?"

"Wamesema tutaona."

"Tutaona si ndiyo, baba."

"Huko kwenu kliniki."

"Huko kwetu kliniki ukimwambia mtu njoo Jumatatu akasema tutaona, kitanda unampa mwingine. Na Don Eleuterio amesemaje?"

Belarmino alivua kofia, akaitafutia msumari ukutani. Msumari uliokuwa karibu ulikuwa na kitu tayari: skrubu ya mbao ya kinu cha kukamulia tufaha, nene kama mkono wa mtoto, imepasuka kwa urefu wake. Ilikuwa hapo kwa miaka tisa. Kwa mujibu wa Belarmino, alimwazima Eleuterio Chiguay kinu kizima, na kinu kikarudi kimepasuka. Kwa mujibu wa Eleuterio, kinu kilikuwa kimepasuka tangu kilipotoka. Hakuna aliyekuwepo mwingine, ila tufaha.

"Kwake sikupita," alisema Belarmino.

"Hukupita."

"Njia ina matope."

"Baba, njia ya kwa Don Eleuterio ndiyo njia pekee iliyomwagwa changarawe."

"Basi ina changarawe. Miguu inauma."

Rosalba alikuwa kwenye jiko la kuni akigeuza viazi. Hakugeuka yeye. Tangu Otilia afike, mama yake alikuwa amesema kuhusu hali ya hewa, kuhusu kondoo, na kuhusu viatu vya Otilia, kwamba havifai. Kuhusu nyumba hakuwa amesema lolote.

Suala la Eleuterio halikuwa la heshima tu. Maksai wake wawili, Clavel na Marqués, walikuwa wakubwa kuliko wote upande ule wa kisiwa, na walikuwa wamezoea kutangulia. Katika mwinuko wa kupakulia samaki, jozi ya mbele ndiyo inayoamua. Ikisita, nyumba inarudi nyuma, na jozi zote zilizo katikati zinavunjika miguu. Wenye maksai wote walilijua hilo. Hakuna ambaye angefunga wanyama wake nyuma ya jozi dhaifu ili kuokoa jikoni kwa mtu.

Ijumaa asubuhi Otilia alijaribu kwa upole. Kisha alijaribu kwa hesabu: saa za maji, uzito wa nyumba, upana uliobaki ukingoni. Kisha akapiga meza, na kopo la sukari likaondoka.

"Sentensi moja, baba! Sentensi moja! 'Don Eleuterio, nakuomba.' Hata usipoimaanisha!"

"Mtu asiyenirudishia kinu changu kizima nimwombe?"

"Usipomwomba, kesho kutwa hicho kinu utakitafuta kwa nyavu!"

"Kiko ghalani. Ghala haliko ukingoni."

"Mungu wangu."

"Usimtaje Mungu kwa sababu ya Eleuterio."

Otilia alivaa koti na viatu visivyofaa, akaenda mwenyewe.

Eleuterio Chiguay alikuwa barazani akichambua viazi vya mbegu, vya zambarau kwenye kikapu hiki, vyeupe kwenye kile. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mkao wa mtu aliyeshinda kesi. Alimwonyesha Otilia kigoda, akampa kikombe cha chicha, akamuuliza habari za kliniki, za goti la shangazi yake mwenyewe ambalo Otilia aliwahi kulifunga, na za bei ya kuni mjini. Otilia alijibu yote. Alikuwa amejifunza kwa Uberlinda. Alipoona kikombe kimefika nusu, alisema:

"Don Eleuterio, nimekuja kukuomba kwa ajili ya minga ya kesho. Uje na Clavel na Marqués, utangulie. Najua mna neno na baba. Nakuomba mimi."

Eleuterio alikigeuza kiazi, akakikagua jicho kwa jicho.

"Umeomba vizuri," alisema.

"Ahsante."

"Lakini siwezi."

"Kwa nini huwezi? Kwa sababu ya skrubu?"

"Skrubu ilikuwa imepasuka tangu kwenu. Hapana, si skrubu. Siwezi kwenda kuvuta nyumba ambayo mwenyewe hajaniomba."

"Baba hatakuja, Don Eleuterio. Nimemwambia mpaka koo limekauka. Hatakuja hata nyumba ikielea."

"Baba yako wa nini?" Eleuterio alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Baba yako aje asije, inahusu nini? Ile nyumba ni ya mama yako. Aliijenga marehemu babu yako, mzee Barría, na ilipovutwa kutoka Quilque kuja pale ilipo, baba yangu ndiye aliyetangulia na maksai. Babu yako alimwomba kwenye kigoda hichohicho ulichokalia. Baba yako alikuja baadaye kutoka kisiwa kingine, na sanduku moja. Sanduku zuri, sikatai. Lakini nyumba hakuja nayo."

Otilia alikiweka kikombe chini.

"Na wengine wote wanalijua hili?"

"Nani asiyelijua?"

"Waliomwambia baba 'tutaona'..."

"Sasa ulitaka wamwambieje? Ni mtu mzima, amevaa kofia, amekuja kuomba kisicho chake. Wamempa chicha. Wamempa nyama. Hakuna aliyemkosea adabu."

"Na hakuna aliyenifungulia mdomo mimi!"

"Hukuuliza," alisema Eleuterio, akarudi kwenye viazi. "Uliandika."

Otilia alirudi kwa njia ya changarawe akitembea haraka kiasi kwamba kisigino kimoja cha kiatu kilibaki njiani. Alipita kwa Uberlinda, aliyekuwa amesimama uani bila kazi yoyote inayoonekana.

"Doña Uberlinda, kwa nini hukuniambia ni mama?"

"Nilikuuliza nani amekuja kuniomba. Ni wewe uliyesema baba. Nikasema, haya, labda kwa wasomi ndivyo."

Alimkuta mama yake jikoni, anakanda unga. Otilia alisimama mlangoni, kiatu kimoja kirefu kuliko kingine.

"Mama. Nyumba hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema Rosalba.

"Na ulijua kwamba wewe ndiye unayetakiwa kwenda kuomba."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe humu."

"Mama! Nyumba inaanguka baharini! Kesho! Umekaa hapa siku tatu unaniambia habari za viatu!"

"Na viatu vyenyewe je?" Rosalba alivitazama. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, na sauti yake, iliyokuwa imekaa chini wiki nzima, ikapanda ghafla. "Sasa nisikilize. Tangu Novemba baba yako anazunguka kijiji hiki anasema nyumba yangu inahama, nyumba yangu naipeleka kanisani, nyumba yangu nimeichagulia kiwanja. Kiwanja amechagua. Nguzo amesimika. Dirisha la jikoni litatazama wapi, hakuniuliza. Wewe ukaandika kwenye simu, 'Familia ya Don Belarmino inawakaribisha.' Nikasoma. Nami nina simu. Nikasema, vizuri, ni nyumba ya Don Belarmino, na Don Belarmino aihamishe. Mimi nitakaa kitako nitazame."

"Na ingeanguka?"

"Ningekuwa nimeona."

Otilia alikaa kwenye benchi. 

"Unataka dirisha la jikoni litazame wapi?" aliuliza.

"Baharini. Linatazama baharini tangu babu yako. Nguzo alizosimika yeye zinaligeuza litazame makaburi."

"Basi litatazama baharini. Nyumba itageuzwa juu pale kabla ya kuwekwa, nitawasimamia mwenyewe. Mama, nakuomba. Twende."

"Sasa umeomba," alisema Rosalba, akaenda kutafuta viatu vyake vizuri.

Otilia alidhani wangekwenda haraka. Kwa Eleuterio peke yake walikaa hadi chicha ikaisha kwenye jagi. Waliongea juu ya mvua, juu ya ukungu wa viazi, juu ya marehemu wote wawili, mzee Barría na mzee Chiguay, na juu ya nani alikuwa mnene zaidi. Otilia alitazama saa mara nyingi kiasi kwamba Eleuterio alimuuliza kama inamsumbua. Hatimaye Rosalba aliweka kikombe, akaweka mikono magotini.

"Eleuterio, nyumba ya baba yangu inataka kuondoka pale. Nimekuja kukuomba uitangulie, kama baba yako alivyoitangulia. Sina cha kukupa ila chakula cha siku hiyo, na siku yako ikifika, sisi tutakuwepo."

"Saa ngapi, Rosalba?"

"Maji yakianza kutoka."

"Nitakuwepo."

Hayo tu. Otilia, aliyekuwa ametumia wiki mbili, simu, hesabu na sauti yake yote, aliinuka akamfuata mama yake. Kisha wakaenda nyumba ya pili, na ya tatu, na zote zilizokuwa na maksai au mwanamume mwenye mgongo mzima, na kila moja ilikuwa na benchi, na kila benchi lilikuwa na kikombe. Kwa Uberlinda walifika mwisho, kiza kikianza. Uberlinda alikuwa amekwisha kuosha nira.

Belarmino aliambiwa wakati wa chakula cha jioni. Alisikiliza mpaka mwisho. Otilia alipofika kwenye neno sanduku, Belarmino aliacha kutafuna.

"Amesema sanduku?"

"Amesema zuri," alisema Otilia.

"Kumbe mimi hapa ni mzigo."

"Hakuna aliyesema mzigo, baba."

"Aliyekuja na sanduku ni sanduku. Vizuri. Kesho mtalivuta na sanduku."

Jumamosi walianza kufika kabla ya saa tatu. Madirisha yaliondolewa, bomba la jiko likang'olewa, nyumba ikainuliwa kwa mitaimbo na magogo mawili marefu ya kuburuzia yakapitishwa chini yake. Minyororo ilifungwa. Jozi zilipangwa mteremkoni moja nyuma ya nyingine, zote kumi, na mbele kabisa Eleuterio aliwasimamisha Clavel na Marqués, akasimama mbele yao na fimbo ndefu begani. Hapo ndipo Belarmino alipotoka ghalani amevaa kofia ya kanisani, akaingia ndani ya nyumba, akafunga mlango.

"Baba, toka!"

"Mimi ni vyombo," ilisema sauti ndani.

"Baba, ni hatari!"

"Vyombo haviogopi."

Otilia alimgeukia mama yake. Rosalba alikuwa akielekeza watu mahali pa kuchimba shimo la kupikia curanto, chakula cha karamu, kule juu, karibu na kanisa, na nani aanze kuchoma mawe. "Mwache," alisema. "Uzito wake hautazishinda jozi kumi za maksai. Mimi umenishinda miaka arobaini."

Eleuterio alipaza sauti mara moja. Minyororo ilikaza, nyumba ikalia kila ubao, na ukingo wa genge uliokuwa nyuma yake ukamwaga udongo kidogo chini, kama mtu anayetema. Kisha nyumba ikaondoka. Kushuka kulikuwa rahisi na kwa kutisha, watu nyuma wakiizuia kwa kamba. Ufukweni ilikwenda kama sanduku juu ya barafu, ikipita pembeni mwa bomba la trekta. Kila mara Belarmino alitokeza kichwa kwenye tundu la dirisha akatoa amri.

"Kushoto! Kushoto, nyie!"

"Vyombo vinaongea," alisema mtu, na kicheko kikapita toka jozi hadi jozi.

"Don Belarmino, ukifika usisahau kulipa nauli!" alipiga kelele Uberlinda.

Kwenye mwinuko hakuna aliyecheka. Maji yalikuwa yameanza kurudi na mchanga wa chini ulikuwa unalainika. Mara ya kwanza nyumba ilifika nusu ikasimama. Jozi ya tano iliteleza. Otilia alikuwa pembeni na kamba mkononi pamoja na watu wengine. Aliona magogo yakirudi nyuma kipimo cha shibiri, akaona Marqués akipiga magoti. Eleuterio hakumpiga. Aliweka mkono juu ya pua ya yule mnyama, akamwambia kitu, na Marqués akasimama. Wote wengine walisubiri hapo hapo, wamekaza minyororo, wakitazama mbele. Kisha Eleuterio akapaza sauti kwa mara ya pili, na jozi zote zikainamisha vichwa kwa pamoja.

Nyumba ilifika juu saa nane. Iligeuzwa kama Otilia alivyoahidi, na kugeuza kulichukua saa nzima, kukiwa na maoni mengi. Rosalba alisimama mahali ambapo dirisha la jikoni lingekuwa, akatazama bahari, akasema, "Hapo." Wakaishusha juu ya nguzo. Nyumba ikalia mara moja zaidi, ikatulia. Fremu ya mlango ilikuwa imepinda kiasi cha kidole.

Belarmino alisukuma mlango kutoka ndani. Haukwenda. Alisukuma kwa bega. 

Tundu la dirisha la jikoni lilikuwa limeshatiwa kioo, kwa amri ya Rosalba. Mengine mawili yalikuwa madogo, na Belarmino hakuwa mtu mdogo.

Shimo lilifunuliwa. Majani mapana yalitolewa, mvuke ukapanda na harufu ya kome, nyama ya moshi na viazi, na watu wakakaa kwenye mabenchi marefu kuizunguka meza. Harufu ilikwenda na upepo wa kaskazini moja kwa moja kwenye mlango uliokwama. Otilia alijaribu mlango huo kwa mikono, kwa teke, kwa kisu cha mkate. Wenye mitaimbo walikuwa wameirudisha makwao. Kifaa pekee kilichobaki kilikuwa patasi na nyundo kwenye mkoba wa Eleuterio, na Eleuterio alikuwa ameketi, anakula.

"Don Eleuterio, tafadhali..."

"Hapana, binti. Wewe uko huru hapa nje; aliyefungiwa aombe mwenyewe."

Otilia alikwenda dirishani. "Baba. Mwombe."

"Sina njaa."

"Baba, umekaa humo tangu asubuhi."

"Nimekaa na vyombo wenzangu."

"Ni neno moja! Moja!"

"Skrubu yangu iko wapi? Imeanguka msumarini. Wamei..."

"Baba!"

Alirudi mezani, akakaa, akaweka paji la uso juu ya ngumi mbili. Rosalba alimwekea sahani mbele, akaweka nyingine tupu mahali palipoachwa wazi karibu na Eleuterio. Upande wa pili wa ghuba, maji yalikuwa yamefika chini ya genge. Kipande cha ukingo kikaanguka, kikubwa, pamoja na mlingoti wa kamba ya nguo na sehemu ya ardhi ambayo jana ilikuwa chini ya jiko. Meza nzima iligeuka kutazama. Ndani ya nyumba kichwa cha Belarmino kilikuwa kwenye kioo. Naye alikuwa ameona.



"Eleuterio," ilisema sauti nyuma ya mlango.

"Naam."

"Una patasi?"

"Ninayo."

"Ilete."

"Unaniagiza, au unaniomba?"

Uberlinda aliacha kunyonya kome. Otilia aliinua kichwa.

"Nakuomba," alisema Belarmino.

Eleuterio alifuta vidole, akafungua mkoba, akaenda. Alichonga upande wa juu wa fremu, kisha upande wa bawaba, bila haraka. Saa kumi na moja kasorobo mlango ulifunguka. Belarmino alitoka ameshika skrubu iliyopasuka mkononi, akampita Eleuterio, akaketi mbele ya sahani tupu, na Rosalba akampakulia.